Mlango Mwekundu wa Kwa Maximin

Jumatatu, 9 Agosti

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa yangu! Nimeamka kabla ya Théophane, nikamtazama anavyolala. Kisha nikautazama ukuta. Nikashindwa kuamua kipi kizuri zaidi. (Mume. Naandika mume. Lakini ukuta nao!)

Nyumba hii aliijenga Maximin, babu wa babu yake Théophane, miaka mia na hamsini iliyopita. Hapa kwetu ghubani hakuna anayeitaja kwa jina la ukoo. Wote husema Kwa Maximin, kana kwamba mzee yupo jikoni anakunywa chai. Boriti zake zilitoka kwenye meli iliyovunjika mwambani. Ndani ya kuta alishindilia nyasi za baharini zilizokaushwa, ili upepo wa Januari usipite. Usiku nikiweka sikio ukutani nasikia mawimbi. Théophane anasema ni panya. Nampenda hata hivyo.

Na sasa ni nyumba ya wageni! Yaani, itakuwa, Alhamisi, wageni wa kwanza wakifika. Mwenyewe hasa ni Shangazi Zélica, dada wa marehemu baba mkwe wangu. Ana miaka sabini na minane, hajaolewa, amezaliwa humu na hajawahi kulala pengine. Ametoa sharti moja. Wageni hawa wakiondoka wameridhika, na desturi za nyumba zikabaki nzima, basi Jumapili, sikukuu yetu Waakadia, Wafaransa wa pwani hii ya Kanada, nyumba inakuwa yetu mimi na Théophane. Tukishindwa, anapewa Ozite.

Ozite ni wifi yangu. Ana hoteli ng'ambo ya barabara: vyumba kumi na viwili vyeupe vya plastiki, na mashine ya barafu anayoitaja kuliko watoto wake. Akipewa Kwa Maximin ataibomoa apate pa kuegesha magari. Amesema hivyo mwenyewe, akitafuna keki yangu. Eti nani atalala kwenye sakafu iliyopinda, gololi ukiidondosha sebuleni unaiokota jikoni?

Hatujali! Théophane ameupaka mlango wa mbele rangi nyekundu mara tatu, ileile iliyobaki kwenye boti yake. Unang'aa kama tofaa. Nililia kidogo.

Jambo moja dogo tu. Wageni ni mume na mke kutoka Luiziana, Bwana Alcide na Bibi Verlie, damu yetu, mababu zao walifukuzwa huku na Waingereza pamoja na mababu zetu; wetu walirudi, wao wakaishia kule kwenye joto. Katika barua niliwaandikia kwamba wataingia kwa mlango uleule walioingilia maharusi wote wa Kwa Maximin. Sentensi ilikuwa nzuri mno, singeweza kuiacha. Bibi Verlie amejibu kwamba aliisoma akalia, na kwamba anashona gauni maalumu la kuingilia.

Tatizo ni kwamba mlango wa mbele haufunguliwi kwa watu.


Jumanne, 10 Agosti

Niliamua kumwendea Shangazi kwa ujanja. Nikamkuta anamenya maharage, nikamsifia maharage. Nikasema, kama mtu anayewaza tu, kwamba ingependeza mlango ule mzuri ukafunguliwa mara mojamoja, hewa ipite.

Hakuinua macho. Akasema hewa ina madirisha. Mlango wa mbele hufunguliwa kwa watu watatu: bi harusi, padri na maiti. Wengine wote wanapita jikoni, hata daktari, hata askofu alipokuja bila kanzu yake. Kisha akauliza, "Hao wageni wako, binti, ni wepi katika hao watatu?"

Nikasema bado sijajua. Akasema basi nijue kabla ya Alhamisi, maana mlango ukifunguliwa bure unatafuta mtu wa kumtoa.

Ozite alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni, amesikia yote. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Bi harusi wetu! Wapitishe kwa bomba la moshi!" Eti yeye ana milango kumi na miwili na yote inafunguka. Nikamwambia ndiyo sababu milango yake haina maana yoyote. Nilijisikia vizuri kwa dakika tano hivi.

Jioni, mpango! Umenijia nikimtazama Théophane akivua viatu. Padri anaruhusiwa. Padri Sévérin akiingia kwa mlango wa mbele Alhamisi, na wageni wakawa nyuma yake kabisa, wamemganda kama mkia, nani atasema mlango ulifunguliwa kwa ajili ya mkia? Nimempigia simu. Amekubali, mradi kuwe na râpure, sinia yetu ya viazi na kuku. Nikasema yangu inasifika.

Sijawahi kupika râpure.


Jumatano, 11 Agosti

Siku ya mapenzi na viazi.

Kila mtu hapa anajua inavyopikwa. Unakwaruza viazi ndoo nzima, unavikamua kwenye kitambaa mpaka vibaki vikavu kama vumbi la mbao, unapima maji yaliyotoka, na kiasi kilekile unakirudisha kwa supu ya kuku inayochemka. Kisha nyama, kisha oveni kwa saa tatu. Mtoto wa miaka saba anajua. Siri yote ni kupima.

Théophane alikwaruza, mimi nikakamua. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa wanga hadi kwenye viwiko. Dirisha lilikuwa wazi, ghuba inameta, kengele ya kanisa inalia, na juu yetu boriti zile za meli. Nikawaza wanawake wote waliowahi kukamua viazi chini ya boriti hizi, wakiwapenda wanaume wao, karne na nusu ya viazi! Nikambusu. Ili nimbusu vizuri nikalitua beseni dirishani. Beseni likapindukia nje.

Maji yote yaliwaendea maua ya Shangazi. Hayakuwa yamepimwa.

Théophane akasema tukadirie. Nikakadiria kwa moyo, na moyo wangu kwa sasa umejaa. Saa tatu baadaye nilifungua oveni. Juu ilikuwa ya dhahabu, tamu kutazama. Nikatikisa sinia, na dhahabu ikapiga mawimbi.

Ozite alipita jikoni "kuomba chumvi". Ana mifuko mitatu ya chumvi. Akachovya kijiko, akauliza kama nina mrija. Shangazi Zélica alitoka nje akayatazama maua yake, akarudi, akanitazama mimi.


Alhamisi, 12 Agosti

Mpango wa padri umekufa. Naandika kwa uchungu.

Nilikuwa nimepanga yote. Saa tisa kamili Padri Sévérin angesimama mbele ya mlango mwekundu, wageni nyuma yake, mimi ndani nikiwa na mkono kwenye komeo. Saa tisa kasorobo namsikia mtu anakohoa jikoni. Ni padri! Ameketi, leso shingoni. Nikamuuliza kwa mnong'ono anafanya nini hapa. Akasema ameingia kwa jikoni, kwani watu huingia wapi? Miaka thelathini anakuja nyumba hii kula, miguu imemleta yenyewe. Akala râpure kwa kijiko cha supu, vibakuli viwili. Akasema ni laini.

Nikamsihi atoke aingie tena kwa mbele. Shangazi, bila kugeuka kutoka kwenye jiko, akauliza kwa nini padri aingie mara mbili kama hajasahau kitu. Na wakati huohuo nikasikia gari.

Ah, Bibi Verlie! Mnene, mdogo, uso wa mtu wa kwetu kabisa. Ana pua ya kina Maximin! Miaka mia mbili na zaidi ya jua la Luiziana, na pua imebaki palepale! Gauni lake lilikuwa la buluu, limeshonwa kwa mkono, na nyota ya njano kifuani kama ya bendera yetu. Alisimama mbele ya mlango mwekundu, mikono kifuani. Bwana Alcide ni mrefu, amekonda, anazungumza lugha yetu kama bibi yangu marehemu, maneno ambayo tulidhani yamezikwa naye. Aliinua kamera. Wakangoja.

Nilifanya nini? Niliwazungusha nyumba. Niliwaeleza historia ya kila ukuta wa nje, polepole, ukuta baada ya ukuta, mpaka tukafika jikoni, na hapo nikasema, "Karibuni!" Bwana Alcide akapepesa macho. Akasema kule kwao nako mlango mzuri ni wa kuonyesha tu. Bibi Verlie akatabasamu kwa adabu. Tabasamu hilo limenichoma hadi sasa.

Baada ya chakula nikamweleza ukweli wa watu watatu. Kisha akasema yeye na Alcide walifunga ndoa ofisini kwa msajili wa serikali, mashahidi wawili, mvua kubwa, miaka arobaini na moja iliyopita. Hakuna shela wala wimbo. "Na mlango wenyewe, mwanangu, ulikuwa wa kioo. Umeandikwa vuta."

Nimelala nikitazama boriti. Bi harusi. Bi harusi anaruhusiwa!


Ijumaa, 13 Agosti

Tunamwoza Bibi Verlie kesho mchana! Shangazi atakuwa ukumbi wa parokia kwenye karata za Jumamosi, ambazo hajazikosa tangu ujana wake. Shela ni langu mwenyewe. Maua ni hidranja za Shangazi, ambazo, ajabu, zimenawiri tangu Jumatano. Bwana Alcide nilipomweleza alikaa chini. Akauliza kama bado anaweza kukataa. Bibi Verlie akampiga kwa kofia, na wote wawili wakawa wekundu kama vijana. Lo! Nimekimbia kwenda kumtafuta Théophane nimkumbatie. Nimemkuta chini ya boti. Nimemkumbatia miguu.

Kikwazo kimoja. Mlango haufunguki.

Tulijaribu leo Shangazi akiwa kanisani. Komeo lilitoka, mlango haukutikisika. Théophane akakuna kichwa. Akaniuliza kwa upole ni nani aliyemwambia aupake rangi ya boti mara tatu ukiwa umefungwa. Rangi hiyo imetengenezwa kuzuia bahari isiingie. Imeziba kila ufa, imeunganisha mlango na fremu ukawa ubao mmoja.

Nikasema kitu kilichoungana hivyo ni alama njema kwa maharusi. Akasema ndiyo, lakini mmoja wao yuko nje.

Tumejaribu kisu. Tumejaribu siagi. Ozite ameweka kiti kwenye baraza ya hoteli yake, anatutazama, anakunywa kinywaji chenye barafu nyingi kuliko kinywaji.


Jumamosi, 14 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nane Shangazi aliondoka. Saa nane na robo Bibi Verlie alikuwa barazani, gauni la buluu, shela langu, hidranja mkononi. Shela linamfaa kuliko mimi, naandika hili bila wivu. Mpango: Théophane ndani avute, Bwana Alcide nje asukume kwa bega, mimi nihesabu.

Nikahesabu moja, mbili. Bwana Alcide alisukuma kwenye mbili.

Mlango haukufunguka. Ulilala. Ulikwenda mzima mzima, na fremu yake, na ubao wa ukuta kila upande, taratibu, kama ng'ombe anayelala, ukamfunika mume wangu. Niliita jina lake! Sauti yake ikatoka chini ikasema yuko mzima, ila hatoki.

Kisha ukuta ukaanza kutiririka.

Nyasi za Maximin! Nyeusi, kavu, nyepesi kama nywele, zikamwagika pande zote mbili za shimo, juu ya mlango, juu ya viatu vya Bwana Alcide, ngazi zote hadi njiani. Na harufu! Ilikuwa harufu ya bahari, ile ya maji kupwa asubuhi. Bahari ya mwaka ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo, imekaa ukutani inangoja. Bibi Verlie aliinama akachukua konzi moja akainusa, akampa mumewe. Bwana Alcide akavua kofia. Bibi yao wa kwanza kufika Luiziana, alisema, aliacha neno kwamba nyumba yao ya huku ilikuwa na bahari ndani. Familia nzima walidhani bibi alikuwa amechanganyikiwa kwa huzuni.

Tukasimama. Hata Théophane chini ya mlango alivuta pumzi akanusa.

Ndipo nikasikia breki. Ozite! Alikuwa ameona yote kutoka kwenye kiti chake, akaruka ndani ya gari hadi ukumbini, akamtoa Shangazi katikati ya karata. Alimfungulia mlango wa gari kwa madaha. "Si nilikwambia, Shangazi? Tazama! Tazama nyumba ya baba yako imemwaga matumbo!"

Shangazi Zélica alishuka na karata zake bado mkononi. Alilitazama shimo. Alizitazama nyasi. Alimtazama bibi mwenye shela. Akauliza nani kafanya hivi. Nikasema mimi. Nikamwambia yote: barua, padri, râpure, beseni, harusi. Nililia kwa sauti. Nikasema ampe Ozite, sistahili hata ukuta mmoja.

Shangazi alikuwa anatazama kupitia shimo, moja kwa moja hadi ndani sebuleni. Saa ya ukutani, picha ya Maximin, zulia. Aliangalia kwa muda mrefu mpaka Ozite akaanza kukohoa.

Kisha akasema, polepole, kwamba miaka yote hii ni yeye anayeufungua mlango ule, kutoka ndani. Amewafungulia maharusi sita, mimi wa sita. Mapadri wanne. Baba yake, mama yake, ndugu zake wote, walipotolewa. "Nimekaa humu miaka sabini na minane. Sijawahi kupita hapo. Nilikuwa sina shela, na kanzu sina. Nimebakiza njia moja tu." Akachungulia tena. "Sikujua sebule yetu ni nzuri hivi kutoka huku."

Mungu wangu. Mimi niliyepita pale na gauni langu nikicheka, na yeye akiwa ameshika komeo!

Bibi Verlie aliinua upande mmoja wa shela. "Njoo, dada. Ni refu hili, linatosha wawili."

Ozite akasema desturi! Mlango ule ni wa watu watatu! Shangazi akamgeukia. "Mlango uko wapi, Ozite? Hilo ni shimo. Shimo halina desturi."

Akaingia chini ya shela, akiwa na karata zake. Wakashikana mikono. Wakapanda ngazi mbili juu ya nyasi za bahari, wanawake wawili wazee, pua moja, wakaingia Kwa Maximin. Walipokanyaga mlango, Théophane chini yake aliguna. Nadhani ndiyo muziki pekee uliokuwepo, na ulitosha.

Bwana Alcide akauliza kutoka nje, kwa hiyo sasa ana wake wawili? Shangazi akajibu bila kugeuka, "Wewe pitia jikoni."


Jumapili, 15 Agosti

Jana hadi giza barabara nzima ilikuja kutusaidia kushindilia nyasi ukutani kwa mikono. Hata Padri. Hata, mwishoni, Ozite, akilalamika kwamba zinawasha. Mlango umesimama tena, na sasa unafunguka kwa kidole. Shangazi ameufunga yeye mwenyewe kwa komeo.

Misa. Bendera kila nguzo. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano jioni, yaani 17:55, kama mwaka 1755 tuliofukuzwa, tukatoka barabarani na masufuria, vifuniko, mabati, filimbi, kupiga kelele kijiji kizima ili dunia ijue bado tupo. Bibi Verlie alipiga beseni langu lile la viazi. Alikuwa analia na kucheka. Shangazi alipiga sinia la râpure karibu kabisa na sikio la Ozite.

Katikati ya kelele zile akanivuta, akanipigia ukelele sikioni kwamba nyumba ni yetu. Nikasema nini? Akarudia. Nikasema nini? (Nilikuwa nimesikia. Nilitaka kusikia tena.) Akaongeza sharti: nisimwahidi tena mgeni yeyote, kwa barua, kitu ambacho si changu kutoa. Nikaapa. Niliapa kwa Maximin, kwa ndoa yangu, kwa ghuba nzima. Mipango imekwisha. Mimi ni mke na mwenye nyumba sasa, mtu mzima.

Théophane ananishika mkono ninapoandika. Ukuta unavuma taratibu. Siyo panya!


Jumatatu, 16 Agosti

Wageni wameondoka asubuhi, kwa mlango wa jikoni, wakituachia machozi na nyasi pungufu kwa konzi moja. Katika kitabu cha wageni Bibi Verlie ameandika: "Nimeolewa hapa." Shangazi amekisoma mara nne.

Saa nne posta imeleta barua. Vijana wawili kutoka ng'ambo ya bahari, Poatu ya Ufaransa, kule tulikotoka sote! Fungate! Wanaomba chumba wiki ijayo. Nilijibu papo hapo na kukimbia posta kabla gari halijaondoka. Barua imetoka vizuri sana. Nimewaandikia kwamba watalala kwenye kitanda kilekile cha mwaloni alichokichonga Maximin kwa mikono yake, walikozaliwa watoto wake kumi na mmoja.

Sentensi ilikuwa nzuri mno.

Sasa ni saa saba mchana. Shangazi Zélica amejipumzisha. Namsikia anakoroma, kwenye kitanda hicho.

Nimekwisha kuwaza. Jumamosi atakwenda kwenye karata. Tunamwekea kitanda kingine, tunatandika shuka zilezile, hatajua. Kitanda cha Maximin tunakipeleka chumba cha wageni, upande wa pili wa sebule. Nimepima kwa kamba. Kwenye korido hakipindi. Mlango wa jikoni hakipiti. Kinatoka kwa dirisha lake na kinaingia kwa mlango wa mbele, vidole vinne vinabaki.

Bila shaka kitanda si padri, na si maiti.

Lakini shela langu bado lipo, na Bibi Verlie alisema mwenyewe kwamba ni refu.